Jina la Kumi na Mbili

Kibokoni, Mombasa
4 Machi 2024

Kwako Ngowa,

Mara yangu ya mwisho kuandika barua ilikuwa darasa la nane, kwenye mtihani, nikimwomba viatu mjomba ambaye sina. Alama nilipata, viatu sikupata. Kwa hivyo ukiona mwandiko wangu umepinda usinicheke. Au basi cheka, maana nasikia huko kicheko ni adimu.

Kioko aliporudi kutoka kukupeleka alinikabidhi simu yako, mshipi wako na karatasi la masharti ya kituo cha tiba. Nimelisoma mpaka limechakaa. Hakuna simu miezi sita. Hakuna wageni. Barua zinaruhusiwa, lakini lazima zisomwe kwanza na mshauri. Basi Dada Jacinta, kama ndiwe unayesoma, hujambo? Mimi ni Kache Kiti, ambaye Mombasa nzima inamwita mke wa huyu bwana, na wala si mkewe. Mimi ni mke wake wa redioni tu. Miaka tisa sasa, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa saba mchana, dakika ishirini. Tafadhali hakikisha anakula.

Sasa nikupe habari za kazini. Ulipoanguka mlangoni pa studio nilijua kipindi chetu, Nyumba ya Mikogo, kimefungwa. Nikamwambia Bwana Maxwell tuwaeleze watu kwamba unaumwa. Akasema thubutu! Meneja ni meneja. Kwa hivyo Kioko, fundi wetu wa mitambo, amefungua vipindi vya zamani kwenye kompyuta, anakata maneno yako, anayapanga upya, kisha mimi naketi mbele ya maikrofoni nakujibu. Wewe unauliza, "Mke wangu, leo kuna nini chunguni?" kwa sauti yako ya miaka mitano iliyopita, nami nakueleza bei ya nyanya ya leo. Siku ya kwanza niliyasoma majibu yangu kwenye karatasi. Siku ya pili nikasahau kabisa kwamba hupo. Kioko anasema nilikigeukia kiti chako nikakinyooshea kidole kwa hasira.

Hakuna aliyegundua. Jana pale Marikiti mama wa mchicha alinishika mkono. "Bi Mikogo, mumeo twamsikia lakini hatumuoni. Yuwapi?"

"Amelala," nikasema.

"Mwanamume kulala mchana wote huu! Haya, mpikie hizi aamke." Akanifungia bamia. Nilizipika, nikazila mwenyewe nimeketi upande wangu wa meza.

Unakula nini huko? Unalala? Arosto, yale mateso ya kukosa unga, imekuachia? Niandikie hata mistari miwili.

Ndimi,
Kache


Wundanyi
16 Machi 2024

Kwako Bi Mikogo, na kwako Dada Jacinta unayesimama mlangoni pa barua hii mithili ya askari wa forodha,

Salamu zangu ni nyingi lakini nimepewa karatasi mbili tu, kwa hivyo gawana na Kioko na msipigane.

Barua yako imefika inanuka kabichi, kwa sababu gari linalotuletea posta ndilo linaloteremsha mboga kwenu. Huku ni baridi, Kache. Sikujua kwamba nchi hii ina baridi ya bure namna hii. Navaa sweta mbili na meno bado yanapiga chapuo. Asubuhi ukungu unaingia mpaka bwenini, hujui aliyelala kitanda cha pili ni mtu au ni blanketi. Nikiamka natafuta harufu ya chumvi, napata harufu ya ng'ombe.

Umeuliza arosto. Ilinitesa siku tisa na sitakuandikia mambo yake, nilikuwa mwili bila heshima. Siku ya kumi nilikunywa uji, ukakaa tumboni, nikalia kwa furaha ya uji. Hebu fikiria.

Nimepewa kazi jikoni, kumenya viazi na kukata kabichi chini ya mpishi anayeitwa Eddah. Eddah ana redio ndogo aliyoifunga kwa mpira ili betri zisidondoke. Jumatano saa saba akaiwasha, na hamadi, nani anatoka mle ndani? Mimi! Nilikuwa na kisu mkononi. Eddah hajui, kwa sababu hapa mimi ni Ngowa Jefwa mmenya viazi. Akacheka mpaka akaketi juu ya gunia. Kisha nikakusikia wewe ukinijibu, nikaweka kisu chini.

Ndiyo namna nilivyojua kwamba mnanipanga upya. Sikukasirika siku ile. Nilisimama tu nikasikiliza nyumba yangu ikiendelea bila mimi.

Jioni tunakaa duara, kila mtu anasema lake. Juzi nilijaribu kichekesho kimoja. Kuna bwana anaitwa Kavumbi, dereva wa trela, akanitazama kwa huruma akaniuliza kama tumbo linaniuma. Miaka yote hii nimechekesha kumbi nzima, na hapa nashindwa na watu kumi na wanne.

Nina hamu na kisiwa. Nina hamu na Biashara Street asubuhi wakifungua maduka, na wewe ukibishana na mwenye duka juu ya maandishi ya leso kana kwamba ni yeye aliyeyatunga. Nina hamu na mahamri ya jirani yako Mwanakhamis. Kuna saa nina hamu hata ya kumwona Bwana Maxwell, na hapo ujue mambo si mazuri.

Wako wa saa saba,
Ngowa


Kibokoni
27 Machi 2024

Ngowa,

Unatusikia! Mbona hukuandika neno hilo mstari wa kwanza, unaniwekea kabichi kwanza? Nilipolifikia niliruka, Mwanakhamis akagonga ukuta kuuliza kama nimeona nyoka.

Sasa sikiliza vizuri. Mimi naamini siku zote hizi nakijibu kiti, kumbe kuna mtu anasikia. Basi tangu kesho, nikisema "Bwana Mikogo," jua nazungumza na Mikogo. Lakini nikisema "wewe bwana, chakula chapoa," simwambii Mikogo. Nakwambia wewe. Kioko ameshaelewa, ameniachia nafasi kati ya maneno yako. Zamani alikuwa akizikata zile sehemu unapovuta pumzi. Nimemwomba aziache.

Mfungo umeshika, mchana mji umetulia. Watu wanapiga simu kusema kwamba unawapunguzia njaa. Mzee mmoja alisema amekusikia umepona mafua. Nusura nicheke hewani.

Nimehesabu, Agosti tarehe ishirini na sita unatoka. Kiti chako sijakubali mtu akikalie. Bwana Maxwell alitaka kuweka koti lake pale, nikalitupa chini mbele yake.

Sijui kama Dada Jacinta ataipitisha hii, lakini naandika. Nyumba hii ya kupanga ina vyumba viwili, na jioni nikifunga dirisha nasikia kimya kimejaa mpaka jikoni. Miaka yote hii nilidhani nimeshiba kwa zile dakika ishirini. Sikushiba. Nina hamu nawe mchana na nina hamu nawe jioni.

Chakula chapoa.

Kache


Wundanyi
12 Aprili 2024

Kache,

Nilikusikia. Alhamisi na Ijumaa, na wiki nzima iliyofuata. Kila ukilitaja lile neno nilikuwa natabasamu juu ya sufuria, mpaka Eddah akaniuliza nina mchumba gani kwenye karai.

Lakini nakuomba mviondoe vile vipindi. Vyote. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Siku ya Idi Mosi mlicheza kile cha mbuzi wa mkwe, tulichorekodi ukumbini Mbaraki mwaka juzi. Mikogo anaelekea ukweni na mbuzi wa mahari, anamuuza njiani, kisha anajificha nyuma ya ua wa mkwe na kulia yeye mwenyewe kama mbuzi. Kwa heshima ya sikukuu walituruhusu wote tuje jikoni kusikiliza. Watu walicheka, Kache. Kavumbi alilia machozi. Wakanigeukia, maana sauti nyingine huwezi kuificha kwa sweta mbili, wakasema, "Ni wewe!" Nikawa mfalme kwa robo saa.

Na mimi mate yalikuwa yamenijaa. Kila kipindi mnachokicheza najua nilikuwa nimevuta nini na saa ngapi. Nasikia kwenye ulimi wangu. Yule mbuzi aliyelia vile hakuwa mimi, ulikuwa ni unga unalia. Na ndiye bora kuliko wote, hilo ndilo linaloniua. Walipokwisha kucheka nilitoka nikaenda hadi langoni, nikamwuliza mwenye pikipiki kama anajua mahali. Akasema anajua. Nilikuwa nimeshapanda nyuma. Sijui nini kilichonishusha. Nadhani ni baridi tu, sikuwa na sweta. Dada Jacinta anayajua yote, nilimwambia mwenyewe.

Kuna kitu kingine. Kila mmoja wetu anaandika orodha ya mikono. Unaandika jina la kila mtu ambaye mkono wake uliwahi kukupa. Rafiki, adui, ndugu, yeyote. Walio kwenye orodha hutaonana nao wala kuandikiana nao mpaka utimie mwaka mzima tangu utoke hapa. Hakuna polisi wa kukulinda, ni kiapo chako mwenyewe, lakini Dada Jacinta anasema katika miaka yote ya kazi yake, waliokivunja wamerudi wakiwa wamebebwa. Mimi nimeandika majina kumi na moja. Mtu wa kwanza ni binamu yangu mwenyewe.

Kwa hivyo viondoeni. Nikitoka nataka nitoke mtu mmoja.

Ngowa


Kibokoni
22 Aprili 2024

Ngowa Jefwa,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na nimekasirika vilevile.

Unaniambia nizime redio. Wewe una Eddah, una Kavumbi, una duara la jioni na mshauri wa kukushika mkono. Mimi nina nini? Nina sauti yako iliyokatwakatwa na Kioko, na kiti. Unasema aliyekuwa akizungumza ni unga. Basi miaka tisa nimekuwa mke wa unga? Nilipokuwa naugua malaria ukaja kunichekesha wodini mpaka wauguzi wakakufukuza, ule ulikuwa unga pia? Niambie mimi nichukue kipi na niache kipi.

Kama umechoka na Bi Mikogo sema umechoka naye, usimsingizie mbuzi.

Vipindi vinaendelea.

Kache


Kibokoni
13 Mei 2024

Ngowa,

Wiki tatu hujajibu. Mvua imenyesha mpaka ngazi zetu zimeota ukungu, na kila gari la mboga likiingia mjini mimi niko posta. Najua ni ile barua yangu. Nilikuandikia kwa mdomo wa Bi Mikogo, akiwa na mwiko mkononi. Niwie radhi.

Sasa nakuandikia mimi. Dada Jacinta, na wewe soma vizuri, usiruke.

Alhamisi iliyopita nilimwambia Kioko anifungulie kile cha mbuzi chote, tangu mwanzo kabisa, kabla hajakikata. Nilitaka kusikia huo unga ulio kwenye ulimi wako, nikuandikie kwamba haupo. Kioko akakataa. Akasema faili limeharibika. Kioko hajui kusema uongo, masikio yanamwiva. Nikamwambia afungue au niondoke, akafungua.

Kumbe siku ile alikuwa ameshawasha maikrofoni yangu ya kifuani kabla hatujapanda jukwaani. Kwanza zinasikika kelele za watu ukumbini. Kisha unasikika wewe, unahema, meno yanagongana, unasema, "Siwezi, Kache, siwezi, waambie waende." Halafu inasikika sauti ya mwanamke, imetulia kabisa, inasema, "Shika. Fanya haraka, watu wanangoja."

Ilikuwa sauti yangu. Nimeisikia kwa masikio yangu mawili.

Nilikuwa nimeazima buibui la Mwanakhamis ili nisijulikane, nikaenda Kibarani peke yangu na kurudi na kete moja ya unga nimeifunga kwenye pindo la leso. Watu mia nne walikuwa wamekuja kwa sikukuu na watoto wao. Nilijiambia ni mara moja tu. Haikuwa mara moja, wewe wajua na mimi najua. Ilikuwa kila unapotetemeka na saa saba imekaribia. Kioko ameificha ile rekodi miaka miwili. "Nilikata mwenyewe, dada," akaniambia, "sikutaka mtu asikie." Alikuwa karibu kulia.

Umeandika majina kumi na moja. Nimeyahesabu kichwani, nayafahamu karibu yote. Langu halimo.

Nimekaa siku nne na jambo hili. Ningeweza kunyamaza. Agosti ungerudi, ungekalia kiti chako, mimi ningekupikia bamia. Na siku moja ungetetemeka mbele ya watu mia nne na mimi ningekwenda tena, Ngowa. Naijua nafsi yangu. Ningeazima buibui lilelile. Wale kumi na mmoja walikupa ili wakuuzie. Mimi nilikupa ili usiniache peke yangu jukwaani, na sioni kama mkono wangu ni msafi zaidi ya wao.

Niandike.

Kache


Wundanyi
24 Mei 2024

Kache,

Barua yako ya Aprili Dada Jacinta aliikalia, hakunipa, alisema bado ni mbichi. Nilidhani wewe ndiye uliyenyamaza. Jana amenipa zote mbili pamoja, akaketi karibu yangu nikisoma.

Kwa nini umefanya hivi? Ulidhani nimesahau? Nilikuacha makusudi! Nililala na kuamka na jina lako, nikaandika binamu yangu, nikaandika rafiki zangu wa utotoni, nikafika kwako nikaweka kalamu chini. Nikasema huyu hapana. Wote wachukueni, huyu mniachie.

Na hukunipa, mimi nilikutuma. Nilipiga magoti pale nyuma ya pazia nikakushika miguu. Maikrofoni yako haikusikia magoti. Nani alikuelekeza njia ya Kibarani kama si mimi?

Dada Jacinta hajaandika kitu. Anasema kalamu ni yangu, ila siku ya kukabidhi orodha ni tarehe saba Juni. Anasema orodha si mahakama, haiulizi nani mkosaji, inauliza mkono ulikuwa wa nani. Basi nakuomba, mwandikie yeye, mwambie ulichanganya siku, mwambie ulikuwa na homa. Neno moja lako linatosha. Mwaka, Kache. Kutoka hapa mpaka Agosti, halafu mwaka mzima juu yake, bila hata karatasi. Kukaa bila unga naweza, nimejaribu, naona naweza. Hili sijui.

Nakupenda. Nimekwambia mara ngapi hewani, watu wakacheka? Sasa nakwambia hapa na hakuna wa kucheka isipokuwa Dada Jacinta, naye hacheki ovyo.

Ngowa


Kibokoni
3 Juni 2024

Ngowa wangu,

Sikuchanganya siku. Sikuwa na homa.

Hii ndiyo ya mwisho, kwa hivyo nakueleza yaliyotokea ili usiyasikie kwa watu. Ijumaa saa saba nilimwambia Kioko asiweke sauti yako. Ishara ya kipindi ikapigwa, taa nyekundu ikawaka, nikawa peke yangu. Nikawaambia watu kwamba Bwana Mikogo hayupo tangu Februari. Nikawaambia anaumwa, na ugonjwa wake ni unga, na anatibiwa. Nikasema sauti waliyokuwa wakiisikia ni ya zamani na sisi tuliwadanganya, watusamehe. Bwana Maxwell alikuwa nyuma ya kioo anarusha mikono. Kioko alifunga mlango wa studio kwa ndani, akasimama na funguo mfukoni mpaka nilipomaliza. Sote wawili hatuna kazi sasa, na Kioko anasema amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Idi ile.

Niliogopa kwenda Marikiti. Nilipokwenda, mama wa mchicha alitoka nyuma ya meza yake. Nilidhani atanitukana. Alinivika leso yake mabegani akalia, akaniambia mwanawe wa pili yuko kwenye mambo hayo, na hajapata kumwambia mtu. Tukasimama pale tunalia, watu wanatuzunguka na vikapu vyao.

Unasema hujui kama utaweza. Mimi pia sijui kama nitaweza. Ninakupenda tangu mwaka wa kwanza, siku uliyosahau maneno yako ukanitazama unisaidie, na nisingependa mtu mwingine hata kama wangenilipa kwa dhahabu. Ndiyo maana nataka upone mbali nami. Ukipona karibu yangu sitajua kama umepona au nimekushikilia.

Usinijibu. Dada Jacinta, asipewe karatasi. Mimi nimemaliza kuandika.

Andika jina langu, Ngowa. Kache Kiti, kwa herufi kubwa.

Kache


Mbaraki, Mombasa
27 Agosti 2025

Kwako Kache,

Mwaka umetimia jana.

Naandika kutoka Mbaraki. Sikwenda mbali. Nilitoka Wundanyi na mfuko mmoja, nikajiambia nitakwenda Malindi, au mahali popote ambapo wewe hupo. Nilifika nikashindwa kuipita Mombasa. Kwa hivyo tangu Agosti iliyopita nimekuwa hapahapa kisiwani, karani wa mizani kwenye ghala la chai. Magunia hayacheki, lakini hayanitaki kitu.

Kioko nilimkuta Januari. Hakuwa kwenye orodha. Nilimwapiza asikwambie, na nilimkataza asiniambie habari zako. Alivunja mara moja tu, mwezi Machi, akasema unauza leso Biashara Street, akaniambia ili nijue pa kutopita. Tangu siku hiyo nikitaka kwenda Marikiti nazunguka njia ndefu. Ni kisiwa kidogo, Kache. Hujui ni kidogo kiasi gani mpaka uwe na mtu mmoja wa kumkwepa. Kuna siku nilisikia sauti ya mwanamke akibishana juu ya maandishi ya leso, nikageuka nikatembea mpaka feri bila kujua nakwenda wapi. Labda hata hukuwa wewe.

Sijavuta. Nilitetemeka mara nyingi, mara mbili nilifika pabaya, nikarudi kwa miguu yangu. Kila mwezi namwona Dada Jacinta akishuka mjini. Jana aliniuliza nitafanya nini leo, nikamwambia nitanunua karatasi.

Lazima nikwambie kitu kabla hujaamua. Mikogo sijamwona tena. Nimengoja, nikidhani atarudi mwili ukipata nguvu. Wenzangu ghalani husema mimi ni mzito, wengine hawaamini kwamba ndimi niliyekuwa redioni. Nikizungumza watu hunisikiliza tu. Sina kichekesho hata kimoja cha kukuletea. Huyu anayeandika ndiye aliyebaki, na hujawahi kuishi naye hata dakika ishirini.

Ukiniruhusu, nitakuja Jumamosi saa kumi alasiri. Kama haifai, mrudishie Kioko barua hii, sitauliza sababu.

Ngowa Jefwa


Biashara Street
27 Agosti 2025

Ngowa,

Kioko amesimama mlangoni anangoja nimalize, na wateja wamesimama nyuma yake.

Nilikuona. Februari, mkabala na duka letu, umesimama unanunua ndizi. Ulikuwa umenenepa. Nilishuka chini ya kaunta, nikakaa pale na uso wangu ndani ya leso mpaka ulipopita, mwenye duka akidhani natafuta sindano. Mei nilikuona tena, nikaingia duka la dawa nikanunua dawa ya kikohozi ambacho siumwi. Kikohozi cha watu wengine hapa mtaani nimekitibu mimi kwa ajili yako.

Mwaka mzima ulikuwa unanikimbia na mimi nilikuwa nakukimbia, kwenye kisiwa kimoja.

Vichekesho sijakuuliza. Jumamosi ni mbali. Duka linafungwa saa kumi na mbili, njoo leo.

Kache